Fimbo tatu za gofu, miaka 25 jela

Kazi yangu hunipeleka mahakamani karibu kila wiki. Siku ya hukumu, kila mtu anasubiri jambo moja tu: miaka mingapi? Mfungwa atalala wapi, hakuna anayeuliza. Kuna jimbo moja la Marekani, California, ambako swali hilo la pili liligoma kunyamaza.

Mwaka 1993 mtoto wa kike wa miaka 12 alitekwa nyumbani kwao na kuuawa. Muuaji alikuwa mfungwa aliyeachiwa kwa masharti. Watu walikasirika, na nani asingekasirika? Mwaka 1994 ikapita sheria ya makosa matatu: ukiwa na makosa mawili mazito huko nyuma, kosa la tatu la jinai, hata likiwa si zito, ni miaka 25 hadi maisha.

Gary Ewing, mwenye rekodi ya uvunjaji na unyang'anyi, aliiba fimbo tatu za gofu. Akapewa 25 hadi maisha. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki adhabu hiyo, majaji 5 kwa 4.

Jimbo lilijenga magereza mapya zaidi ya 20 tangu miaka ya 1980, yakajaa yote. Nafasi zilikuwa kama 80,000, wafungwa karibu mara mbili. Vitanda vikapangwa hadi kwenye kumbi za michezo, na kuna mahali watu 54 walitumia choo kimoja. Mei 2011 Mahakama ile ile, tena 5 kwa 4, ikaamuru wapunguzwe hadi asilimia 137.5 ya nafasi zilizopo. Yaani hata baada ya kupunguza, bado wangebanana!

Hapo ndipo adhabu zenyewe zikaguswa. Oktoba 2011 wenye makosa mepesi wakaanza kufungwa kwenye jela za kaunti. Mwaka 2012 wapiga kura wakaamua kosa la tatu nalo, kwa kawaida, liwe zito. Mwaka 2014 wizi wa vitu visivyozidi dola 950 ukawa kosa dogo. Mwaka 2015 idadi ikashuka chini ya kiwango cha mahakama.

Halafu Novemba 2024 wapiga kura hao hao wakaongeza tena adhabu kwa wanaorudia wizi mdogo.

Mimi nasema hivi: aliyeumizwa ana haki ya kukasirika, lakini hasira haihesabu vitanda. Kila mwaka unaoongezwa kwenye hukumu una sahani yake, dawa yake na askari wake. Anayetunga sheria ahesabu kwanza, asingoje jaji amhesabie.

Wenzangu mnasemaje?