Tarehe 1 Agosti na makaburi tusiyoyafikia



Kila tarehe 1 Agosti Congo nzima inafunga kazi. Asubuhi watu wanabeba jembe, panga na fagio kwenda makaburini. Mchana watoto wanawapikia wazazi walio hai. Ni Siku ya Wazazi, na vijana wengi wanadhani imekuwako tangu mababu. Hapana, ni desturi ya juzi tu.

Wakati wa Wabelgiji, Wakatoliki walikumbuka wafu wao mwanzo wa Novemba: Watakatifu Wote tarehe 1, marehemu wote tarehe 2. Kisha ikaja siasa ya Mobutu ya kurudia uasili. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaïre, 1972 majina ya ubatizo ya kizungu yakakatazwa, 1974 Noeli ikawa siku ya kazi kama nyingine. Utawala huo ndio uliotupa tarehe 1 Agosti, kwa wazazi wazima na wafu pamoja. Mobutu alianguka 1997. Noeli ni siku ya mapumziko tena, lakini Agosti haikuondoka. Mimi naona ilibaki kwa sababu kwenye kaburi la baba hakuna anayekuuliza unasali wapi.

Ila kalenda hiyo ilitoka Kinshasa. Huko Agosti ni kiangazi, majani yamekauka. Sisi tuko kaskazini ya ikweta: Agosti mvua inanyesha na majani yanafika kiunoni. Tena ndiyo wakati wa kufungua mashamba ya msimu wa pili, maharagi ya kwanza yakiwa yamevunwa. Nyumbani kwetu kazi hizi mbili zilikuwa moja. Kaburi la babu liko nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Ukimaliza kulipalilia, jembe hilohilo linaendelea shambani. Maharagi mapya yanaingia katika chungu cha wazazi.

Na kaburi kwetu si ukumbusho tu. Wakigombana juu ya shamba, mzee anaonyesha pale alipozikwa baba yake. Likifunikwa na majani miaka mingi, shahidi huyo anapotea.

Ndiyo sababu Agosti inawaumiza waliohama. Vita vya 1999 hadi 2003 vilitawanya familia nyingi. Tangu Desemba 2017 wengine wamekimbia Djugu, na wengi wako hapa Bunia hata leo. Watoto waliozaliwa kambini wanajua Siku ya Wazazi kuwa siku ya chakula tu, kama chakula kipo.

Huko Kigonze nilikuta mama mmoja ambaye hajaona kwake tangu 2018. Kila tarehe 1 Agosti anachora kiwanja chake chini kwa kijiti mbele ya wajukuu: nyumba, mti wa avoka, kaburi la bwana yake, makaburi mawili ya watoto. Mvua ilikuwa inafuta, basi mjukuu mkubwa akanakili yote katika daftari la shule. Kutoka kwa avoka mpaka kaburi la babu ameandika hatua kumi na mbili. Mama anasema ni kumi na nne, mtoto ameandika haraka. Siku nilipofika walikuwa bado wanabishana, daftari liko wazi juu ya mkeka.