Pembe Zilizofika Paris

Katika makumbusho ya Louvre kuna sanamu ya Bikira Maria akimpakata mtoto Yesu. Ina urefu wa sentimita 41 na imechongwa kwa pembe ya ndovu. Zamani ilikuwa katika hazina ya Sainte-Chapelle, kanisa la wafalme wa Ufaransa jijini Paris, na wataalamu wanakadiria ilichongwa miaka ya 1260. Hata mtu asiye Mkristo husimama mbele yake akastaajabu.

Waliochunguza sanaa hii ya kuchonga pembe waliuliza kwanza habari za wachongaji. Mwaka 1924 Raymond Koechlin, Mfaransa aliyekuwa pia mkusanyaji wa kazi za sanaa, alichapisha mabuku matatu akizipanga kazi hizo kwa mitindo na karakana: sanamu za watakatifu, vibao pacha vya kusalia, vitana, visanduku na vifuniko vya vioo vyenye picha za mashujaa na wapenzi. Wengine walifuata kanuni za mafundi wa Paris zilizokusanywa na Étienne Boileau, liwali wa mji huo, mnamo 1268, zinazoonyesha kwamba hata watengeneza mipini ya visu walitumia pembe.

Ndovu mwenyewe alisahauliwa.

Swali la pembe zilitoka wapi lilipewa uzito na Sarah Guérin, mwanahistoria wa sanaa. Kabla ya karne ya 13, mafundi wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa wakitumia sana meno ya mnyama wa baharini aitwaye walrasi, na meno hayo ni membamba. Katika karne hiyo zikaanza kuonekana pembe nene, ndefu, za kutosha kutoa sanamu nzima. Guérin anazihusisha na ndovu wa savana wa Afrika na biashara ya pwani ya Waswahili: majahazi hadi Bahari ya Shamu, kisha Misri, kisha meli za Mediterania. Anaonyesha pia kwamba njia ya baharini kupitia Gibraltar ilifunguliwa na shehena za shabu, iliyohitajiwa na watia rangi wa vitambaa vya Flanders. Pembe zilisafiri pamoja na shabu hiyo.

Hoja hii ina uzito, kwa sababu upande wa pwani ya Waswahili ushahidi upo. Al-Masudi, mwanajiografia Mwarabu wa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki, zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alisimulia jinsi Sultani Abu al-Mawahib alivyomzawadia fakiri wa Yemen watumwa na mizigo miwili ya pembe. Akaongeza kuwa zawadi nyingi za huko zilikuwa pembe, dhahabu ikitolewa kwa nadra.

Walimu wa historia wanaofundisha biashara ya Kilwa wasiishie India na China. Wawaonyeshe wanafunzi picha ya sanamu ya Sainte-Chapelle pia.