Jaribio Sanifu la Mwenendo wa Mbwa

Jaribio sanifu la mwenendo ni upimaji wa mbwa wa nyumbani kwa vitendo vilivyopangwa mapema. Kila mbwa hupitia vitendo hivyo kwa utaratibu uleule, ili ijulikane kama anaweza kuishi kati ya watu na wanyama wengine bila kuwadhuru wala kuwasumbua. Istilahi hii ina sehemu tatu, yaani jaribio, sanifu na mwenendo, na kila moja inabeba sharti lake.

Mwenendo ni sehemu ya kwanza kufafanuliwa, kwa kuwa ndiyo inayopimwa. Hulka ni maumbile ya ndani ambayo kiumbe huzaliwa nayo. Tabia ni mazoea yaliyojengeka kwa muda mrefu. Mwenendo ni kile kinachoonekana kwa macho: mbwa amekaa au amesimama, amenguruma au amenyamaza, amekuja alipoitwa au amekwenda zake. Mtahini aliyesimama uwanjani na karatasi mkononi haoni hulka, na tabia huiona kwa sehemu ndogo tu. Anachoweza kukiandika kwa uhakika ni mwenendo wa saa ile. Kuliita zoezi hilo "jaribio la tabia" ni kuahidi zaidi ya linachoweza kutoa, na ahadi hiyo huwa chanzo cha hukumu nyingi zisizo za haki.

Jaribio nalo si shindano. Katika maonyesho ya mbwa, kama yale ya East Africa Kennel Club jijini Nairobi, mbwa hulinganishwa na vigezo vya kizazi chake, kisha hupangwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Jaribio la mwenendo halina mshindi. Mbwa amefikia kiwango au hajakifikia, na kufaulu kwa mmoja hakumpunguzii mwingine chochote. Siku moja wanaweza kufaulu wote, na siku nyingine asifaulu hata mmoja.

Neno sanifu ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Linadai kwamba umbali, muda, idadi ya watu, urefu wa kamba na maneno ya mtahini visibadilike kutoka kwa mbwa mmoja hadi mwingine. Mfano unaojulikana sana ni jaribio la Canine Good Citizen, lililoanzishwa Marekani na American Kennel Club mwaka 1989. Lina vitendo kumi, vikiwamo kumvumilia mgeni anayesogea, kukaa kwa utulivu huku akipapaswa, kukaguliwa mwili, kupita kati ya watu wasiopungua watatu na kuja anapoitwa. Mbwa wa kizazi maalumu na mbwa chotara hupokelewa sawa.

Kitendo cha kukutana na mbwa mwingine kinaonyesha usanifu huo kwa karibu. Washika kamba wawili huanza wakiwa mbali kwa mita 6 hivi, kila mmoja na mbwa wake. Husogeleana, husimama, hupeana mikono na kujuliana hali kwa maneno machache, kisha kila mmoja huendelea mbele kama mita 3. Mbwa anaruhusiwa kumtazama mwenzake, lakini haruhusiwi kumvamia. Katika kitendo cha mwisho mwenye mbwa huondoka asionekane kwa dakika 3, na mbwa hubaki na mtu mwingine. Chakula na vichezeo havitumiki kumbembeleza, ila sifa na maneno ya kumtia moyo yanaruhusiwa. Anayenguruma, kuuma au kujaribu kuuma huondolewa, awe mkubwa au mdogo, wa tajiri au wa maskini.

Hata hivyo, kufanana kwa utaratibu hakutoshi. Wataalamu wa upimaji hudai mambo mengine mawili: uthabiti na uhalali. Uthabiti ni kipimo kutoa jibu lilelile kikirudiwa, au kikiendeshwa na mtahini mwingine. Uhalali ni kipimo kupima kile kinachodaiwa kupimwa. Mbwa anaweza kupimwa mara tatu na kupata jibu moja, na bado jibu hilo lisiseme lolote kuhusu atakavyokuwa nyumbani.

Upungufu huo ulielezwa mwaka 2016 na Gary Patronek na Janis Bradley, walipochambua majaribio ya kutafuta mbwa wakali katika makao ya kuhifadhia mbwa. Hoja yao inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Tuseme kati ya mbwa 100, wenye hatari ni 10, na jaribio linawakamata 8 kati yao. Tuseme pia kwamba linakosea kwa mbwa mmoja katika kila watano wasio na hatari. Wasio na hatari ni 90, kwa hiyo 18 watahukumiwa bure. Jumla ya waliohukumiwa ni 26, na wengi wao hawana kosa. Pale hukumu inapomaanisha kuuawa, kosa la namna hiyo halina marekebisho, na hiyo ndiyo dhuluma ya kwanza.

Dhuluma ya pili hutokana na kizazi. Mwaka 2000 jimbo la Lower Saxony nchini Ujerumani liliwawekea masharti mbwa wa vizazi vilivyodhaniwa kuwa hatari, na kuwataka wapitie jaribio la mwenendo. Uchunguzi wa chuo cha tiba ya mifugo cha Hannover juu ya mbwa 415 waliopimwa ulionyesha kwamba asilimia 95 hawakuwa na ukali usio na sababu. Baadaye mbwa 70 wa kizazi cha golden retriever, wanaosifiwa kwa upole, walipitishwa katika jaribio lilelile, na mmoja wao alionyesha ukali huo. Tofauti kati ya makundi hayo haikuwa kubwa kiasi cha kuhalalisha sheria ya kuhukumu kizazi. Funzo hilo linamhusu moja kwa moja mbwa wa kienyeji wa Afrika Mashariki, ambaye mara nyingi huitwa koko na kuhukumiwa kabla hajapimwa.

Dhuluma ya tatu hutokana na binadamu aliyeshika kamba. Mbwa husoma mwili wa mtu kwa ustadi mkubwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walizijaribu timu 18 za mbwa wa kunusa pamoja na washika kamba wao, katika vyumba visivyokuwa na harufu yoyote iliyotafutwa. Washika kamba waliambiwa kwamba karatasi nyekundu zinaonyesha mahali penye harufu, na hapo ndipo ishara nyingi za uongo zilipotolewa. Tahadhari ya aina hii inafahamika Morogoro, ambako shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini: katika jaribio la kuwaidhinisha, wanaomwongoza panya hawaambiwi mabomu yamefukiwa wapi. Kwa mbwa wa nyumbani, kanuni hiyo inamtaka mtahini asiwe jirani, ndugu wala mwalimu wa mbwa anayepimwa, na asijue sifa zake kabla.

Masharti haya yakipelekwa Rumonge, mji wa Burundi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika ulio takriban kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, maswali mapya yanazuka. Mbwa wengi wa mwambao ni walinzi wa nyumba na mali, na hawajazoea kamba shingoni. Akifungwa kamba kwa mara ya kwanza siku ya jaribio, mbwa atapambana na kamba, na mtahini ataandika kwamba ni mkaidi. Kilichopimwa hapo ni ugeni wa kamba. Haki inadai mwenye mbwa ajulishwe vitendo vyote mapema na apewe muda wa kumzoeza.

Kitendo cha kupapaswa nacho kinahitaji busara. Rumonge ina Waislamu wengi, na kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo, ingawa kufuga mbwa wa ulinzi au wa kuwinda kunaruhusiwa. Asiyempapasa mbwa wake kwa sababu hiyo hapaswi kuhesabiwa kuwa amemtupa. Lengo la kitendo ni kujua kama mbwa atakubali kushikwa na mtu asiyemjua, na mgeni anayefaa zaidi ni mtaalamu wa mifugo, kwa kuwa ndiye atakayemshika siku ya chanjo.

Vurugu za kumjaribia zipo tele: pikipiki inayopita, baiskeli iliyosheheni vidumu vya mawese, wanawake wanaogeuza ndagala, yaani dagaa, waliowaanika juani. Kupita kando ya ndagala bila kunyakua hata mmoja ni kipimo halali cha utiifu mwambaoni, kama kilivyo kitendo cha kuja mara moja anapoitwa kutoka ukingoni mwa maji yenye mamba na viboko. Lakini mahali pakishachaguliwa, pawe pamoja kwa wote. Kumpima mbwa mmoja asubuhi mitumbwi inaposhusha samaki, na mwingine jioni ufuo ukiwa mtupu, ni kuendesha majaribio mawili tofauti na kutoa cheti kimoja.

Lugha isiwe kikwazo. Mwambaoni husikika Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na mbwa hutii neno alilofundishwa. Mtahini hupima kama mbwa ameketi, si kama ameamriwa kwa lugha ya wasomi. Maelekezo kwa mwenye mbwa yatolewe kwa lugha anayoielewa, matokeo yaandikwe kitendo kwa kitendo, na aliyeshindwa aambiwe ameshindwa wapi na lini anaweza kurudi.

Mipaka ya kazi ya cheti nayo itajwe. Cheti kinasema kwamba mbwa fulani alitenda hivi siku fulani. Hakimdhamini kwa maisha yake yote. Hakichukui pia nafasi ya chanjo, kwani hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na mbwa mpole akiambukizwa huuma kama mwingine yeyote. Kwa hiyo kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iangaliwe kabla ya kitendo cha kwanza. Jaribio lisilotangaza vitendo vyake mapema, lisilolinganisha mazingira na lisilompa aliyeshindwa nafasi ya kurudi halistahili kuitwa sanifu, hata cheti chake kikiwa na muhuri.