Ndundu, Mlango wa Kilwa

Familia ya Dar es Salaam itakayo kuzuru Kilwa kwa siku mbili huondoka Jumamosi alfajiri, ikapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, na kabla watoto hawajaanza kulalamika imekwisha uvuka mto Rufiji. Daraja la Mkapa, pale Ndundu, lina urefu wa karibu mita 970, na gari hulimaliza kwa dakika moja tu. Ni wachache wageuzao shingo kuutazama mto.

Kabla ya mwaka 2003, daraja lilipofunguliwa, hapana aliyepita Ndundu bila kuitazama. Hapo palikuwa na kivuko, na magari yalipanga foleni kungojea pantoni. Masika yakikaza, mto ulifurika, barabara ikawa tope, na Lindi na Mtwara zikageuka kama visiwa. Aliyekuwa na msiba kusini hakuwa na la kufanya ila kutafuta meli au ndege, au kuwaachia wengine wazike. Hata baada ya daraja, kipande cha kilomita 60 hivi kutoka Ndundu hadi Somanga kilichukua zaidi ya miaka kumi kutiwa lami. Kwa hiyo matembezi haya ya siku mbili, yaonekanayo mepesi, ni jambo jipya kabisa katika historia ya pwani hii.

Wageni huenda Kilwa kutazama mawe. Huoneshwa Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa, wakasimuliwa habari za Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, na za Wareno waliouteka mji mwaka 1505. Lakini avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Aingiaye katika nyumba ya mawe ya Waswahili hushangaa kwa nini chumba ni kirefu na chembamba. Jawabu si la mwashi, ni la mti: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko nchini Tanzania umo katika delta ya Rufiji, na majahazi yalikuwa yakipakia boriti zake kwenda Unguja na hata Uarabuni. Mto anaourukia msafiri pale Ndundu ndio uliowaezekea wengi nyumba zao.

Wala si miti peke yake. Kusini ya mto ipo Mohoro, alikonyongwa Kinjikitile Ngwale Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1895, Hassan bin Omari Makunganya alikuwa amenyongwa na Wajerumani hao hao Kilwa Kivinje. Kitanzi cha Kivinje na cha Mohoro ni habari moja, nayo haisomeki nusu.

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara eneo la Somanga. Mabasi yakasimama, abiria wakalala njiani, na kusini ikawa mbali tena. Wazee waliowahi kungojea pantoni hawakuhitaji kuelezwa. Daraja limeufupisha mwendo, lakini ruhusa ya kupita bado iko mikononi mwa maji.