Vichwa vya treni visivyoweza kusaidiana

Kimya kilizidi kwa ajili ya mitihani ya semista, ila sasa tupo. Hapa Mlimani washkaji hunicheka kwamba mtu wa Ijuganyondo, kwetu Bukoba ambako hakuna reli inayopita, anajua vichwa vya treni kuliko wao wa Dar. Poa tu, leo nawapa darasa.

Tarehe 29 Oktoba 2012 ilianza ile "treni ya Mwakyembe", waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Watu wanaisema kama ilikuwa moja. Zilikuwa mbili: ya TRL kati ya Stesheni na Ubungo, na ya TAZARA ya kwenda Mwakanga. Kichwa cha huku kikifa njiani, cha kule hakiwezi kuja kukivuta hata kama kimekaa bure, wakati abiria wanasota juani. Reli iliyokuwa ya TRL ina upana wa milimita 1000, ya TAZARA 1067. Tofauti yenyewe ni kama vidole vinne tu jamani!

Chanzo ni siasa za zamani. Wajerumani walianza Reli ya Kati mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914, kwa upana wa mita moja. Waingereza kule Kenya na Uganda nao walikuwa na mita moja, kwa hiyo kipande cha Mnyusi hadi Ruvu kilipounganishwa 1963, reli za Dar na Nairobi zikawa mtandao mmoja. TAZARA ikajengwa na Wachina, 1970 hadi 1975. Hawakuleta kipimo cha kwao China, walifuata cha Zambia, maana shida ilikuwa shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita Rhodesia. Ndo maana Dar ikawa jirani na Nairobi kwa reli kuliko TAZARA iliyo palepale mjini. Hadi 1998 ndipo pakafunguliwa Kidatu pa kuhamishia makontena kutoka reli moja kwenda nyingine.

Mita moja nayo ilizaa maajabu yake. Kichwa kikubwa hakikunji kona kwenye reli nyembamba, basi Beyer Peacock wa Manchester wakaunda Garratt: boila moja katikati, seti mbili za magurudumu mbele na nyuma, kinajipinda kama tandu. Zile 34 za daraja la 59, za 1955 na 1956, zilikuwa na tani 252 kila moja na zilipewa majina ya milima. Mount Gelai, mlima wa kwetu Tanzania, iko makumbusho ya reli Nairobi!

Na 2024 SGR imeleta upana wa tatu, milimita 1435. Mchongoko wake hauna hata kichwa cha kukata, mota ziko chini ya mabehewa.

Kwetu ziwani ndo kioja kabisa. MV Umoja ya miaka ya 1960 imetengenezwa kubeba mabehewa ya mizigo ndani ya meli. Jumuiya ilipovunjika 1977, pacha wake MV Uhuru akabaki Kenya. Behewa linavuka Ziwa Victoria, kichwa kinaachwa Mwanza.