Ukerezaji wa Miti Iliyoanguka: Habari za Uraibu Mmoja wa Waingereza

Kamusi zetu hulipa neno kereza maana mbili. Ya kwanza ni kukata kitu kigumu kwa chombo chenye meno au makali. Ya pili ni kuufanyiza mti kwa kuuzungusha, na huku ukizunguka fundi huutilia chuma hata utoke mviringo. Mtambo wa kuzungushia huitwa kerezo, na kwa mtambo huo hupatikana matendegu ya vitanda yenye mafundo na shingo, ambayo seremala mwenye tezo na randa peke yake hawezi kuyatoa sawasawa. Siku hizi watu wengi husema tu kwamba kitu kimechongwa, hata kama kimekerezwa. Tofauti yake si ndogo. Mchongaji hukiendea kitu kilichotulia, naye aweza kukipa sura yoyote aipendayo. Mkerezaji amefungwa na duara, na kila atakalolifanya hana budi kulitoa humo.

Habari nitakayoieleza ni ya kazi hiyo kama ilivyofanywa Uingereza, zaidi na watu ambao haikuwa riziki yao. Kazi ya namna hii sasa twaiita uraibu, neno ambalo hapo zamani lilikuwa la tambuu na vitu vingine vya kutafunwa. Kuhama kwake kumefaa sana, kwa kuwa aliyekwisha kushikwa na kerezo haliachi kwa wepesi zaidi ya mtafuna tambuu.

Mafundi wakerezaji wa mji wa London walipata hati ya mfalme mwaka 1604, na kazi yao ilikuwa viti, mabakuli, vipimo na vitu vingine vya nyumbani. Baadaye waungwana nao wakaingia. Mwaka 1701 ilitolewa huko Lyon, Ufaransa, kazi ya Charles Plumier juu ya sanaa ya kukereza, nayo iliandikiwa si mafundi tu bali na watu wenye nafasi. Plumier alikuwa mtawa na mjuzi wa mimea, na jina lake limebaki katika jina la kitaalamu la msanapiti, Plumeria. Petro Mkuu wa Urusi alipenda kazi hii mno, akawa na fundi wake Andrei Nartov, ambaye makerezo yake yangali yamehifadhiwa katika jumba la Hermitage.

Uingereza uraibu huu ulipata nguvu kwa jamaa ya Holtzapffel. John Jacob Holtzapffel alitoka Strasbourg akafungua karakana yake London katika miaka ya 1790, akaanza kutengeneza makerezo ya mapambo, yaani mitambo ya gharama kubwa ambayo chuma chake huweza kuendeshwa kwa vipimo vya hesabu hata kikachora maua na nyota juu ya kifuniko cha kisanduku. Mwanawe Charles alianza mwaka 1843 kutoa kitabu kikubwa juu ya ukerezaji, ambacho juzuu zake za mwisho zilitolewa na mjukuu baada ya Charles mwenyewe kufa mwaka 1847.

Hapa ndipo habari hii inapoigusa Afrika ya Mashariki. Mti uliosifiwa kuliko yote kwa kerezo la mapambo ulikuwa mpingo. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Mpingo ni mgumu, ni mzito hata huzama majini, na nyuzi zake zimebanana mno. Mchoro ukikatwa juu yake hubaki na kingo kali, wala rangi yake nyeusi haishindani na mchoro. Kwa maneno mengine, muungwana yule alitaka mti usiosema neno lake mwenyewe. Ulikokatwa, na ni nani aliyeukata, hayo hayakuwa sehemu ya uzuri wa kisanduku. Pembe za ndovu zilipendwa kwa njia hiyo hiyo. Siwalaumu kwa ustadi wao, maana kazi zao ni za ajabu. Lakini yafaa tukumbuke kwamba katika uraibu huu mti ulikuwa kama karatasi tupu.

Hata hivyo Waingereza walikuwa wamekwisha kuonja, kabla ya Holtzapffel, fikira iliyo kinyume kabisa. Katika bustani ya nyumba ya Shakespeare huko Stratford ulikuwako mforsadi ambao watu walisema aliupanda kwa mkono wake. Katika miaka ya 1750 mwenye nyumba ya wakati ule, kasisi Francis Gastrell, alichoshwa na wageni waliokuja kuutazama, akaukata. Mwaka 1759 akaibomoa na nyumba yenyewe. Sehemu kubwa ya mti ikanunuliwa na fundi wa saa aitwaye Thomas Sharp, akaugeuza kuwa visanduku, vikombe na vitu vidogo vidogo, akaviuza kwa miaka mingi. Mti wa mforsadi si wa thamani kubwa kwa useremala. Kilichonunuliwa ni habari yake. Basi ikawa kama ilivyotazamiwa: vitu vikazidi, na watu wakaanza kuuliza mti mmoja ulikuwa mkubwa kiasi gani. Mwaka 1799, alipokuwa karibu kufa, Sharp aliapa kwa maandishi kwamba hakuuza ila mti ule wa kweli.

Kwa muda mrefu fikira hizi mbili zilikwenda kila moja kwa njia yake. Kilichozikutanisha na kuzigeuza ni kazi ya fundi maskini, pamoja na vifo vya miti.

Fundi huyo ni George Lailey wa Bucklebury, katika Berkshire, aliyezaliwa mwaka 1869. Babu yake na baba yake walikuwa wakerezaji wa mabakuli, naye alikaa maisha yake yote akikereza mti wa elm kwa kerezo la kukanyaga. Msomaji aijuaye keekee ya seremala wa pwani hatapata taabu kulielewa. Katika keekee, kamba ya uta huzungushwa katika msukano, na uta ukivutwa kwenda na kurudi kijembe huzunguka huku na huku. Katika kerezo la Lailey kamba ilizungushwa katika kazi yenyewe. Ncha ya chini ilifungwa katika ubao wa kukanyagia, na ncha ya juu katika mti mrefu unaonepa. Akikanyaga, bakuli lilimjia naye akakata. Akiinua mguu, ule mti wa juu ulivuta kamba na bakuli likarudi nyuma, naye akangoja. Kwa hiyo nusu ya mizunguko yote haikukata kitu. Lakini kwa vyuma vyake vilivyopindwa kama ndoana aliweza kuingia ndani ya gogo moja na kutoa bakuli ndani ya bakuli, kiini cha lile kubwa kikawa bakuli dogo lifuatalo, badala ya kuyageuza matumbo ya gogo kuwa takataka. Mwandishi H. V. Morton alimtembelea akamtaja katika kitabu chake cha mwaka 1927 juu ya safari zake Uingereza, na watu wakaja kumtazama kama mtu wa mwisho wa kazi yake. Ndivyo alivyokuwa. Alipokufa mwaka 1958 hakuacha mwanafunzi, na kerezo lake likapelekwa katika makumbusho ya maisha ya shamba huko Reading.

Zaidi ya miaka thelathini likakaa pale bila mguu wa kulikanyaga. Katika miaka ya 1990 Robin Wood aliliendea, akalichunguza pamoja na vyuma vyake, akajifunza kwa vitu vyenyewe yale ambayo hapakuwa na mtu wa kuyasema. Hili lastahili kufikiriwa na sisi tunaokusanya maneno. Chombo kiliweza kufundisha jinsi ya kukata. Hakikuweza kufundisha majina ambayo Lailey na baba yake waliitana nayo kazini.

Huku nyuma miti ilikuwa ikifa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 maradhi ya kuvu, yanayochukuliwa na mende wadogo wa magome, yaliua zaidi ya milioni 25 ya miti ya elm Uingereza, mti ule ule wa Lailey. Kisha usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Oktoba 1987 dhoruba iliangusha yapata miti milioni 15 kusini mwa nchi. Katika mwaka huo huo kilianzishwa chama cha wakerezaji wa Uingereza, wengi wao watu wa uraibu waliokuwa na makerezo madogo ya umeme katika banda la gari. Sisemi kwamba dhoruba ilizaa chama. Kilikuwa na sababu zake. Lakini magogo yalilala kila mahali, na mtu mwenye msumeno aliweza kupata bure mti ambao jana alipita chini ya kivuli chake.

Mti wa namna hii una sheria zake. Ni mbichi, nao ukikauka hunywea zaidi kwa kufuata miduara ya umri wake kuliko kutoka kiini kwenda ganda, takriban mara mbili. Ndiyo sababu gogo lililoachwa zima hupasuka. Mkerezaji hulipasua kupitia kiini, hukereza bakuli lenye kuta nene, yapata sehemu ya kumi ya upana wake, huliweka miezi kadhaa likauke na kupindika litakavyo, kisha hulirudisha kwenye kerezo kulimaliza. Na gogo likikaa chini muda kidogo kuvu huingia, na mahali kuvu moja inapokutana na nyingine hubaki mstari mweusi mwembamba kama wa wino. Fundi wa zamani angaliliona gogo hilo ni bovu. Mkerezaji wa leo hulitafuta, na fundo na ufa pia huviacha vionekane.

Kerezo la mapambo halikufa. Chama chake kilianzishwa mwaka 1948, na mpingo ungali ukipendwa humo, ingawa tangu Januari 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Lakini wakerezaji wengi wa uraibu sasa wamehamia upande wa Sharp pasipo kumtaja: huandika chini ya bakuli jina la mti, mahali ulipoanguka na mwaka wake. Anayelinunua hana njia ya kuyahakikisha maneno hayo, kama vile wanunuzi wa Stratford hawakuwa nayo.