Njia ya Kipindupindu hadi Unguja, 1869

Ukiingia mtandaoni kujifunza epidemiolojia, somo la kwanza haliishi kabla hujafikishwa London, mtaa wa Broad Street, Septemba 1854. Kipindupindu kimezuka, na Daktari John Snow anazunguka kitongoji cha Soho akiulizia waliofiwa, anagundua kwamba wengi walikunywa maji ya bomba moja, na mkono wa bomba unang'olewa. Kwa jumla mlipuko huo uliua zaidi ya watu 600. Profesa Ralph Frerichs wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alimjengea Snow tovuti nzima ya ramani, ripoti na picha, na mwenye simu na bando anaisoma bure.

Sina ugomvi na Snow. Ila kwa msomaji wa Tanga, Mombasa au Bukavu kipo kitabu ambacho nacho kimewekwa mtandaoni ukurasa kwa ukurasa, na walimu wengi hawakitaji kabisa. Kinaitwa Cholera Epidemics in East Africa, kilichapishwa London mwaka 1876, na mwandishi wake ni James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Zanzibar.

Christie alikuwa mjini Unguja kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa 1869. Watu walikufa kwa maelfu, na walioumia zaidi ni maskini na watumwa waliorundikwa pamoja. Wazee wa pwani walikuwa wameshaujua ugonjwa huu, maana ulikwisha kupiga 1821, ukarudi 1836, kisha 1858. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliukuta Kilwa mwanzoni mwa 1859. Mtu wa pwani akisikia maradhi mageni huangalia baharini kwanza, aone jahazi gani limetia nanga na limetoka wapi. Safari hii baharini hapakuwa na jibu. Ugonjwa ulishuka kutoka bara, ukafikia pwani upande wa Pangani, ndipo ukavuka kuja Unguja.

Umefikaje Pangani? Wakati huo daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa hajakionyesha ulimwengu kijidudu cha kipindupindu. Hilo lilikuja miaka ya 1883 na 1884. Alichokuwa nacho Christie ni maswali. Aliwauliza wafanyabiashara waliorudi kutoka nchi ya Wamasai. Aliwauliza wamisionari wa Mombasa, ambao nao habari zao za bara walizipata kwa viongozi wa misafara. Nani anauziana na nani, pembe zinanunuliwa wapi, msafara unapumzika kwenye maji gani, na watu walianza kuharisha wakiwa kambi ipi. Ndiyo maana kitabu hiki cha udaktari kimejaa jiografia, makabila na njia za biashara. Anayetaka dalili na dawa tu atachoka mapema.

Hivyo ndivyo alivyoifuata njia kinyumenyume, kutoka Pangani hadi Umasaini, na kutoka huko hadi Uhabeshi, Bahari ya Shamu, na mwisho Makka, ambako kipindupindu kiliua mahujaji wapatao 15,000 mwaka 1865. Mauti yale yaliwashtua wakubwa wa Ulaya hata wakakutana Istanbul mwaka 1866 kujadili karantini. Lakini karantini zilitazama bandari na meli. Njia ya punda na miguu, kupitia nchi ambazo kwenye ramani zao zilikuwa tupu, hakuna aliyeichunga, na ugonjwa uliichukua taratibu kwa takriban miaka minne.

Kutoka Unguja ulisambaa tena, kwa majahazi kusini na kwa misafara bara, hadi Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Mmisionari na msafiri David Livingstone, aliyekuwa huko akisubiri shehena kutoka Unguja, alipata habari zake kwa uchungu: baadhi ya wapagazi waliokuwa wakimletea vitu walikufa njiani, na mizigo ikachelewa.

Kwangu mimi hapa ndipo uzito wa kitabu ulipo. Jina la jaladani ni la Christie, lakini ushahidi ulikuwa vichwani mwa Waswahili waliotembea njia zile kwa miguu yao na kukumbuka kila kambi. Mtaalamu wa leo anayefuatilia waliokutana na mgonjwa anafanya kazi ileile, naye hana la kuandika kama watu hawajamwamini wakamweleza.

Christie alituachia na jingine. Mnamo 1870 Unguja ilipata homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo, ambayo wenyeji waliiita kidingapopo, au kidinga pepo kama alivyolisikia yeye, na mwaka 1872 aliandika habari zake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa dengi. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey aliyapitia upya maandishi hayo ya zamani, akazingatia maumivu ya viungo yaliyoendelea hata baada ya homa kuondoka, akaona kwamba yanaelekea zaidi chikungunya, ugonjwa ambao wanasayansi waliutambua kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, kwa Wamakonde.